"Juu ya mguu" ni wapi? Jibu kwa mwanafunzi wa uuguzi

Msomaji mmoja, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Niliambiwa niandike ripoti ya mgonjwa mwenye kidonda mguuni. Nikaandika: 'Kidonda kipo juu ya mguu wa kushoto, upande wa ndani.' Msimamizi akanirudishia karatasi na maneno mawili ya kalamu nyekundu: 'Juu wapi?' Nikasahihisha: 'Karibu na kiwiko cha mguu.' Akanirudishia tena, akasema nitumie istilahi za anatomia. Nimejaribu kuzikariri lakini zinanichanganya. Kitabu kinasema dole gumba la mkono liko upande wa nje, na mimi nikiweka mkono mezani naliona liko ndani. Na mgonjwa akilala kifudifudi, mgongo si ndio unakuwa juu? Naomba unisaidie nielewe yanavyofanya kazi haya maneno, maana kukariri kumenishinda."

Marahaba, mwanangu. Nianze kwa kumtetea huyo msimamizi wako, ingawa kalamu nyekundu inauma. Nimeisoma sentensi yako mara tatu na mpaka sasa sijajua kidonda kiko wapi. Kosa si la Kiswahili chako, sentensi ni safi kabisa. Kosa ni kwamba neno "juu" limebebeshwa mizigo mitatu kwa wakati mmoja.

Mwambie mtu "ana uvimbe juu ya goti". Mmoja ataangalia pajani, vidole vichache kabla ya kufika gotini. Mwingine ataangalia palepale kwenye pia ya goti, kwa sababu kitu kilichokaa juu ya kitu kingine kimekigusa, kama kikombe juu ya meza. Sasa "juu ya mguu" ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa "mguu" kwetu ni neno moja kuanzia nyonga hadi kwenye kucha. Inaweza kuwa pajani. Inaweza kuwa kwenye mgongo wa mguu, pale zinapofungwa kamba za viatu. Inaweza hata kumaanisha tu kwamba kidonda kiko juu ya ngozi na hakijaingia ndani. "Ndani" nayo ina matatizo yake. "Upande wa ndani wa mguu" ni ule unaotazamana na mguu mwenzake, lakini "ndani ya mguu" ni chini ya ngozi, kwenye misuli na mifupa. Mgonjwa akikwambia "maumivu yako kwa ndani", hujui anasema lipi kati ya hayo mawili mpaka aonyeshe kwa kidole.

Nyumbani hilo halina shida, maana kidole kipo. Kwenye faili hakuna kidole. Anayesoma ni daktari wa zamu ya usiku ambaye wewe umeshakwenda kulala.

Kwa hiyo istilahi hizi hazikutungwa ili kuongea kikubwa. Juu, chini, mbele na nyuma za kila siku tunazipima kutoka ardhini, au kutoka pale alipo anayetazama. Istilahi za anatomia zinapima kutoka kwenye mwili wenyewe. Mtu akilala, akipinduka, akining'inia kichwa chini miguu juu, kwenye istilahi hakibadiliki kitu. Ukilishika hilo moja, yaliyobaki yatakuja yenyewe.

Ili mwili uwe kipimo ni lazima kwanza tukubaliane umekaaje. Ndiyo maana upo mkao wa kianatomia: mtu amesimama wima, uso na macho mbele, miguu imekaribiana na vidole vyake vinaelekea mbele, mikono imeshuka ubavuni, na viganja vimegeuzwa vikatazama mbele, kama mtu anayeonyesha kwamba hakushika kitu. Hakuna anayesimama hivyo kwa hiari yake. Hata hivyo, kila unapoandika habari za mgonjwa, awe amejikunja kitandani au amekaa kwenye kiti cha magurudumu, kichwani mwako msimamishe hivyo kwanza, kisha ndipo uandike.

Sasa dole gumba lako. Hapa nataka usisome tu, ufanye. Weka mkono wa kulia mezani, kiganja kikitazama dari. Kwa mkono wa kushoto shika kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kisugudi (pale mkono unapokunjwa) na kifundo cha mkono, karibu kabisa na kifundo hicho, gumba upande mmoja na vidole upande wa pili. Utaihisi mifupa miwili imelala sambamba. Ulio upande wa dole gumba unaitwa rediasi, na ulio upande wa kidole cha mwisho unaitwa ulna. Sasa, bila kuinua kisugudi, geuza kiganja polepole mpaka kitazame meza. Umehisi? Ulna imebaki karibu palepale. Rediasi ndiyo iliyozunguka, ikavuka juu ya mwenzake, na mifupa hiyo miwili sasa imepishana kama mkasi. Dole gumba, ambalo sekunde mbili zilizopita lilikuwa linaelekea nje ya mwili, sasa linaelekea kifuani.

Ndiyo sababu kitabu na meza yako havikubaliani. Kitabu kinausoma mkono kiganja kikiwa mbele, mifupa ikiwa sambamba. Wewe ulikuwa umeshaugeuza. Wanaanatomia wangeweza kuchagua mkao wowote, lakini ule wa kiganja mbele ndio unaoiacha mifupa miwili ya kigasha sambamba bila kupishana, na kwa hiyo ndio ulio rahisi kuelezea. Katika mkao huo dole gumba liko nje na kidole cha mwisho kiko ndani, basi, hata mwenye mkono akiuweka mfukoni.

Huenda umeshaanza kujiuliza: mbona mguuni ni kinyume, gumba la mguu liko ndani na kidole cha mwisho kiko nje? Swali hilo hukuniuliza, lakini sitaliacha lipite. Mikono na miguu inachipua kwa kijusi tumboni kama makasia madogo mawili mawili, yote yakielekea upande mmoja. Kwenye wiki ya 7 hivi, makasia hayo yanazunguka kiasi cha nyuzi 90, ila kila jozi inakwenda upande wake: mikono inazungukia nje, miguu inazungukia ndani. Ndiyo maana kisugudi chako kinatazama nyuma na goti linatazama mbele, na ndiyo maana gumba la mkono na gumba la mguu yakaishia pande tofauti. Wanafunzi wengi huwa wanakariri jambo hili kama adhabu, kumbe ni kumbukumbu ya safari ambayo viungo vyao wenyewe vilishaifanya.

Tuje kwenye jozi zenyewe. Nyingine nitazipitia mbiombio kwa kuwa hazina ugumu. Anteria ni upande wa mbele, posteria ni upande wa nyuma. Superia ni kuelekea kichwani, inferia ni kuelekea miguuni. Mediali ni kuelekea mstari wa kati, ule unaoshuka kutoka katikati ya paji la uso, ukapita puani na kitovuni na kuugawa mwili sawasawa. Laterali ni kuuacha mstari huo, kwenda pembeni. Superfisiali ni kuelekea kwenye ngozi, na kinyume chake tunasema tu "wa kina". Ona kwamba "ndani" yetu ya kila siku imegawanywa hapa ikawa maneno mawili, mediali na wa kina, na utata wote wa mgonjwa wako umekwisha.

Jambo ambalo walimu huwa tunasahau kulisema ni kwamba maneno haya yote ni ya kulinganisha. Hakuna kiungo ambacho ni "superia" kivyake, kama vile hakuna mtu ambaye ni "mdogo wake" bila kuwepo mkubwa. Pua ni superia kwa mdomo lakini ni inferia kwa paji la uso. Jicho ni laterali kwa pua na mediali kwa sikio. Mwanafunzi akiniandikia "jeraha ni laterali" akaweka nukta, namuuliza: kwa nini? Yaani, kwa kulinganisha na nini? Kila neno la namna hii linadai mwenzake.

Na swali lako la mgonjwa aliyelala kifudifudi? Mgongo wake bado ni posteria. Nalijua kosa hili kwa sababu nililifanya mwenyewe, mbele ya watu. Mwaka wangu wa kwanza, mwalimu aliugeuza mwili wa mafunzo kifudifudi, tukabaki tunaangalia mgongo mtupu, kisha akanielekezea kidole: "Uti wa mgongo uko wapi ukiulinganisha na moyo?" Nikajibu kwa kujiamini, "Juu yake, mwalimu." Hakusema kitu. Aliomba wenzangu wamsaidie kuulaza mwili chali, akauliza tena swali lilelile, neno kwa neno. Nikafungua mdomo niseme "chini" nikakwama hapohapo. Uti wa mgongo haukuwa umehama. Ni posteria kwa moyo, mwili uwe chali, kifudifudi, ubavu ubavu au umesimama. Chali na kifudifudi ni maneno mazuri na yaandike kwenye ripoti, ila yanaeleza mgonjwa amelalaje, hayaelezi kiungo kiko wapi. Usiyachanganye.

Kuna jozi moja inayostahili tukae nayo zaidi, kwa kuwa ndiyo itakayokutoa kwenye kalamu nyekundu: proksimali na distali. Hii ni ya mikono na miguu hasa. Chukulia kila kiungo ni tawi, na kiwiliwili ni shina. Kilicho karibu na shina ni proksimali, kilicho mbali nalo ni distali. Kisugudi ni distali kwa bega na ni proksimali kwa kifundo cha mkono. Goti ni proksimali kwa kifundo cha mguu. Kwa nini tusiseme tu superia na inferia? Kwa sababu mikono na miguu inatembea sana. Mgonjwa aliyenyoosha mkono juu ya kichwa, kiganja chake kiko juu ya bega lake kwa kipimo cha macho, na bado ni distali kwa bega, hakuna ubishi. Neno "kidonda ni sentimita 5 distali kwa goti" linampeleka msomaji kwenye muundi au kwenye shavu la mguu, kamwe halimpeleki pajani. "Chini ya goti" ingeweza kumpeleka hata uvunguni mwa goti.

Jozi hiyohiyo hutumika pia kwenye mirija. Mrija unaotoa mkojo kwenye figo, sehemu yake ya proksimali ni iliyo jirani na figo, na ya distali ni inayokaribia kibofu. Ateri ikiziba, kinachokosa damu ni kile kilicho distali kwa kizuizi. Chanzo cha mtiririko ndicho kinachokuwa shina.

Maneno haya pia huunganishwa. Chukua mfano wa sindano ya takoni. Unafundishwa kuligawa tako robo nne na kuchoma robo ya juu na nje. Lakini mgonjwa wako amelala kifudifudi, na tako zima liko juu! Ukisema "superolaterali", maana yake ni moja tu: kuelekea kichwani na kuelekea pembeni. Na sababu si ya kitabuni, ni neva ya siatiki, neva nene kuliko zote mwilini, ambayo hupita upande wa inferia na mediali wa eneo hilo. Sindano ikiigusa, mtu anaweza kubaki na mguu unaoburuza. Kwa mtoto mchanga ndiyo maana tunakwenda pajani, upande wa anterolaterali, yaani mbele na nje, penye msuli wa kutosha na mbali na neva hiyo.

Sasa kulia na kushoto, ambako hukuuliza lakini ndiko watu wazima wanapoumbuka. Kulia ni kulia kwa mgonjwa. Siku zote. Ukisimama ukatazamana naye, mkono wake wa kulia uko upande wa mkono wako wa kushoto. Picha ya eksirei ya kifua nayo huwekwa kana kwamba mgonjwa amesimama mbele yako mnatazamana, kwa hiyo kushoto kwa picha ni kulia kwa mgonjwa, na ncha ya moyo utaiona ikielekea upande wako wa kulia. Vipande vya CT skani vya kukata mwili kwa upana vinasomwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali unamtazama kuelekea kichwani, na huko pia kulia kwake kunaangukia kushoto kwako. Tafuta alama ya upande kwenye picha, usikisie kwa kuangalia moyo. Wako watu, takriban mmoja kati ya kila 10,000, ambao viungo vyao vyote vya ndani vimegeuzwa kama kwenye kioo: moyo umeelekea kulia, ini liko kushoto. Wengi wao wana afya njema na hawajijui mpaka siku ya kupigwa picha.

Kosa la upande likitokea kwenye karatasi linaweza kuishia kwenye meza ya upasuaji. Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 inataka mgonjwa, kabla hajapewa dawa ya usingizi, athibitishe mwenyewe jina lake, mahali pa kupasuliwa na upasuaji wenyewe, na mahali hapo pawe pamewekwa alama. Wewe andika "kushoto" kwa herufi zote. Herufi moja ya mkato iliyoandikwa kwa haraka husomeka vyovyote.

Madaktari wa meno wamekwenda mbali zaidi: wameupa kila robo ya kinywa namba. Robo ya juu kulia ni 1, ya juu kushoto ni 2, ya chini kushoto ni 3, ya chini kulia ni 4, kisha meno yanahesabiwa kutoka katikati kwenda nyuma. Jino 36 ni la sita kwenye robo ya chini kushoto, gego la kwanza. Kulia na kushoto hapo pia ni kwa mwenye kinywa. Natamani mwili mzima ungekuwa mwepesi hivyo.

Si mwepesi, na lazima nikwambie zinapokorofisha kanuni, usije ukadhani umekosea wewe. Utakutana na dorsali na ventrali. Dorsali ni ya mgongoni, ventrali ni ya tumboni. Kwa mtu aliyesimama, dorsali ni sawa na posteria, ventrali ni sawa na anteria, na mambo yanakwenda vizuri. Kwa mnyama wa miguu minne havilingani, kwa kuwa mgongo wake uko juu na kichwa chake ndicho kilicho mbele. Ndiyo maana anayesoma mifugo na anayesoma binadamu wakitumia "anteria" huwa hawasemi kitu kimoja. Hata kwa binadamu, uso wa juu wa ulimi unaitwa dorsali ingawa hauelekei mgongoni. Mgongo wa mguu, pale kwenye kamba za viatu, nao ni dorsali, ingawa unatazama juu na mbele, na wayo unaitwa plantari. Kwenye mkono, kiganja ni palmari na upande wa pili ni dorsali. Hapo Kiswahili kilishamaliza kazi zamani: tunasema "mgongo wa kiganja", na hilo neno la Kilatini ndiyo maana yake hasa, mgongo. Kwenye ubongo mhimili unapinda kuelekea mbele, ikabidi litumike neno rostrali, kuelekea puani. Hilo liache mpaka ufike somo la neva.

Moyo nao una hila yake. Husemwa una upande wa kulia na wa kushoto, na mwanafunzi anauchora kama nyumba ya vyumba vinne iliyokatwa katikati. Mwilini umezungushwa. Ventrikali ya kulia, chumba kinachosukuma damu kwenda mapafuni, iko zaidi mbele, nyuma tu ya kidari, na atiria ya kushoto, chumba kinachopokea damu kutoka mapafuni, ndiyo iliyo nyuma kabisa, jirani na umio. Jeraha la kisu linaloingia kifuani kwa mbele mara nyingi hukutana kwanza na ventrikali ya kulia. Na mpimaji anayetaka kuiona vizuri atiria ya kushoto hupitisha kifaa kidogo cha mawimbi ya sauti kwenye umio. Jina linasema kulia na kushoto, mahali panasema mbele na nyuma.

Mikato ya mwili nitaigusa tu. Mkato wa sagita unaupasua mwili ukapata kulia na kushoto, wa korona unaupasua ukapata mbele na nyuma, na wa transvasi unaukata kwa upana, ukapata juu na chini. Utavihitaji ukianza kusoma picha, si leo.

Leo hitaji lako ni majina ya mahali. Hapo nina ugomvi mdogo na "kiwiko cha mguu". Neno "kiwiko" peke yake, wako wanaolitumia wakimaanisha kisugudi, na wako wanaomaanisha pale kiganja kinapoungana na kigasha. Ukiongeza "cha mguu" unapunguza utata, lakini msomaji keshasita. Andika "kifundo cha mguu". Kifundo kina nundu mbili za mfupa unazoweza kuzigusa sasa hivi, moja ndani na moja nje. Hizo ni vituo vya kuaminika, kwa kuwa haziongezeki kwa unene wala kupungua kwa ugonjwa. Popote unapopima, pimia kutoka kwenye mfupa unaogusika. Kitovu kinahama na kitambi, pia ya goti inacheza ukiisukuma, nundu ya kifundo iko palepale.

Vidole navyo usivihesabu. "Kidole cha pili" kwa mtu anayeanzia kwenye gumba ni kimoja, na kwa asiyelihesabu gumba ni kingine. Tuna majina na yanatosha: gumba, cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho. Kwenye mguu, ambako majina hayo hayakai vizuri, andika namba lakini useme umeanza kuhesabu kwenye gumba.

Sasa tuiandike upya ripoti yako. Sijamwona mgonjwa, kwa hiyo vipimo hivi ni vya mfano, wewe weka vyako:

"Mguu wa kushoto: kidonda kimoja upande wa mediali, sentimita 4 proksimali kwa nundu ya mediali ya kifundo. Urefu sentimita 3, upana sentimita 2. Ni superfisiali, hakijafika kwenye msuli. Mgonjwa amepimwa akiwa amelala chali."

Soma taratibu uone kila neno linavyofanya kazi. "Kushoto" ni kwake. "Mediali" imeua "ndani". "Proksimali kwa nundu" imeua "juu", kwa sababu hakuna namna ya kuisoma ikakupeleka kwenye mgongo wa mguu wala kwenye goti. Mediali inajitokeza mara mbili na si bure: ya kwanza inaonyesha upande wa mguu, ya pili inaonyesha ni nundu ipi kati ya mbili.

Kuna sababu kubwa kuliko unadhifu iliyomfanya msimamizi wako ang'ang'anie. Mahali penyewe ni nusu ya utambuzi. Kidonda kilichokaa juu kidogo ya nundu ya mediali ya kifundo mara nyingi kinatokana na vena zilizoshindwa kupandisha damu kurudi moyoni. Vena safena kubwa inapita hapohapo, mbele kidogo ya nundu hiyo. Kidonda kinachokaa kwenye ncha za vidole au kwenye nundu ya laterali kinatufanya tuwaze ateri iliyoziba, damu haifiki. Kilichokaa kwenye wayo, chini ya vichwa vya mifupa ya wayo inayoungana na vidole, panapobeba uzito wa mwili, hasa kwa mwenye kisukari, kinatufanya tuwaze neva zilizokufa ganzi. Na tiba hazifanani: bandeji ya kubana inayomponya wa kwanza inaweza kumharibia mguu wa pili, kwa kumminyia hata ile damu kidogo inayofika.

Nami bado sijui chako kiko wapi. "Juu ya mguu, upande wa ndani, karibu na kiwiko cha mguu" kinaweza kuwa proksimali kwa nundu, kinaweza kuwa juu ya nundu yenyewe, kinaweza kuwa kwenye mgongo wa mguu, distali kwa kifundo. Rudi kwa mgonjwa na kipimo cha utepe, gusa nundu, pima, kisha niandikie.